Kukodi gari kwenda Chatsworth na kurudi siku hiyo hiyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majira ya joto yakikaribia, simu za ndugu na wageni huanza kulia. Mama anakuja kutoka Dar, mjomba anatoka Nairobi, shemeji anatoka Muscat, na kila mmoja anataka kuona angalau jumba moja la makabaila wa Kiingereza kabla ya kurudi kwao. Kwetu sisi tunaoishi Leicester na miji ya jirani, jumba linaloulizwa zaidi ni Chatsworth, huko Derbyshire. Maswali hujirudia: leseni, bima, viti vya watoto, na mwisho kabisa jumba lenyewe. Nimeyajibu hapa yote pamoja. Bei nyingi sikuzitaja kwa kuwa hubadilika. Za tikiti na za gari ziangalie siku unapopanga.

Chatsworth ni nini, na kwa nini niende huko badala ya majumba mengine?

Ni makao ya ukoo wa Cavendish, yaani Maduke wa Devonshire. Jumba liko kando ya mto Derwent, karibu na mji mdogo wa Bakewell, ndani ya eneo la milima ya Peak District. Bess wa Hardwick na mumewe Sir William Cavendish walilinunua eneo hilo mwaka 1549 kwa pauni 600, na ujenzi wa jumba la kwanza ukaanza 1552. Mary, Malkia wa Scotland, aliwekwa humo mara kadhaa alipokuwa mfungwa wa Elizabeth wa Kwanza. Jumba unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Duke wa kwanza, aliyeanza kulijenga upya 1687. Familia bado inaishi pale, ila jumba linaendeshwa na taasisi ya hisani iliyoundwa 1981, nayo familia huilipa kodi ya pango.

Hizo ni sababu za mtalii yeyote. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu nyingine, na ndiyo inayonifanya niwapeleke wageni wangu huko kabla ya kwingine. Duke wa tisa, Victor Cavendish, alikuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza kuanzia 1922 hadi 1924. Waraka wa Devonshire wa Julai 1923, ule tuliousoma darasani kwenye historia ya Kenya, unaitwa hivyo kwa cheo chake. Walowezi wa Kizungu walikuwa wanataka kujitawala wenyewe, Wahindi wanataka haki sawa ya kupiga kura na ruhusa ya kumiliki ardhi ya nyanda za juu, na pande zote mbili zilituma wajumbe London. Waraka ukatamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika kwanza, na kwamba maslahi yao ndiyo yatakayotangulia pale yanapogongana na ya wageni. Maneno mazito. Lakini nyanda za juu zilibaki za Wazungu, Wahindi wakapewa viti 5 vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria dhidi ya 11 vya Wazungu, na Waafrika wakawakilishwa na mmisionari. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia barazani mwaka 1944.

Hapa Leicester kuna wazee wa Kihindi waliozaliwa Nairobi, Kampala na Mombasa, wengi walikuja baada ya kufukuzwa Uganda 1972, na Kiswahili chao bado kimenyooka. Mpeleke mzee wa namna hiyo Chatsworth pamoja na mjomba aliyetoka Nyeri, uwaeleze kuwa mwenye nyumba ndiye aliyekuwa na cheo kile mwaka 1923, halafu ukae usikilize. Mazungumzo yao yatafika mbali kuliko maelezo yoyote yaliyobandikwa ukutani.

Lazima nikodi gari? Hakuna treni wala basi?

Treni haifiki. Basi lipo kutoka Sheffield, na kwa mtu mmoja au wawili wenye miguu mizuri linatosha. Ukiwa na mama mwenye magoti yanayouma, watoto wawili na kikapu cha chakula, gari ni bora zaidi, na mkiwa wanne au watano gharama yake kwa kichwa haitofautiani sana na nauli.

Nikodi gari wapi? Tunakaa London.

Kama utasoma jibu moja tu hapa, soma hili. Kodi gari karibu na jumba, si karibu na kitanda chako.

Kutoka London hadi Chatsworth ni maili kama 150. Ukiondoka asubuhi kwa gari utapambana na foleni ya kutoka mjini, kisha barabara kuu ya M1 na matengenezo yake yasiyokwisha, na ukifika umechoka na saa sita imekaribia. Jioni unairudia safari hiyo hiyo gizani, abiria wote wamelala isipokuwa wewe. Mpango bora ni kupanda treni St Pancras hadi Chesterfield, safari ya chini ya saa mbili na nusu, halafu ukachukua gari Chesterfield au Sheffield. Kutoka Chesterfield hadi jumbani ni kama nusu saa. Kutoka Sheffield unapita juu ya nyika zilizo wazi hadi kijiji cha Baslow, na njia hiyo peke yake inastahili safari.

Tikiti za treni zikinunuliwa wiki kadhaa mapema hushuka bei sana. Na ukikodi gari nje ya London huna haja ya kufikiria ada ya msongamano wala kodi ya hewa chafu ya jiji.

Ila angalia jambo moja: matawi ya kukodisha gari katika miji midogo hayafunguliwi kama ya viwanja vya ndege. Mengi hufunga Jumamosi mchana na Jumapili hayafunguki kabisa. Kwa hiyo safari ya Jumapili inakulazimu uchukue gari Jumamosi na kulirudisha Jumatatu, au ukodi uwanja wa ndege. Nawashauri watu wachague siku ya katikati ya wiki. Gari linapatikana, jumba halina msongamano, na unapata nafasi ya kusimama mbele ya kitu bila kusukumwa.

Ukitoka Leicester, Nottingham au Birmingham, hapo kodi nyumbani tu. Leicester hadi Chatsworth ni kama saa moja na nusu.

Mgeni wangu ana leseni ya Tanzania. Anaruhusiwa kuendesha?

Ndiyo. Mgeni mwenye leseni halali ya nchi yoyote anaruhusiwa kuendesha gari dogo Uingereza kwa muda wa hadi miezi 12. Ni sawa kwa leseni ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Congo au Oman.

Sheria ni kitu kimoja, masharti ya kampuni ni kingine. Kampuni nyingi hutaka leseni iwe imeshikwa kwa mwaka mmoja au zaidi, dereva awe na umri wa miaka 23 au 25 na kuendelea (walio chini ya hapo hulipa ziada, au hukataliwa), na leseni iandikwe kwa herufi za Kilatini. Za kwetu zimeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa kwa hiyo hazina shida ya herufi, lakini baadhi ya kampuni hudai pia kibali cha kimataifa cha udereva. Kibali hicho hutolewa katika nchi iliyotoa leseni, kwa hiyo mgeni akichukue kabla hajapanda ndege. Akishafika huku, amechelewa. Leseni yenyewe halisi aje nayo mkononi. Picha kwenye simu haikubaliki.

Anayetoka Congo, Burundi, Rwanda au Oman amezoea kuendesha upande wa kulia. Huyo nisingempa usukani siku ya kwanza, hasa kwenye vijia vya Derbyshire. Wa Tanzania, Kenya na Uganda hawana tatizo hilo.

Mimi nimehamia Uingereza miaka mitatu iliyopita na bado natumia leseni ya Kenya. Vipi?

Hapana. Aliyehamia ana miezi 12 tangu awe mkazi, baada ya hapo leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda haimruhusu tena kuendesha hapa, hata kama bado haijaisha muda. Nchi zetu hazimo katika orodha ya zile zinazobadilishana leseni na Uingereza moja kwa moja, hivyo ni lazima ufanye mtihani wa nadharia na wa barabarani. Falme za Kiarabu zimo, Afrika Kusini na Zimbabwe zimo. Kuna watu wetu wanaoendesha kwa leseni za nyumbani mwaka wa tano, na bima yao haina thamani yoyote siku ya ajali. Ukigonga mtu ukiwa hivyo, deni lake unaweza kulilipa maisha yako yote. Tafadhali fanya mtihani.

Nina leseni ya Uingereza. Kaunta watataka nini?

Kadi ya leseni, na mara nyingi namba ya uhakiki. Namba hii unaipata bure kwenye tovuti ya DVLA, idara ya leseni za udereva. Utahitaji namba ya leseni yako, namba yako ya bima ya taifa na msimbo wa posta ulio kwenye leseni. Inadumu siku 21, kwa hiyo usiichukue miezi miwili kabla. Itoe siku mbili tatu kabla ya safari na uiandike mahali. Pia wanaweza kuomba uthibitisho wa anwani: taarifa ya benki au bili ya umeme ya karibuni. Kama umehama nyumba na leseni bado ina anwani ya zamani, rekebisha kwanza. Hilo moja limewarudisha watu wengi kutoka kaunta, na watoto wameshika mikoba yao mlangoni.

Kwa nini wanashikilia pesa kwenye kadi yangu? Je, naweza kulipa taslimu?

Taslimu sahau. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, jina lile lile lililo kwenye leseni. Siyo kadi ya mke, siyo ya kaka. Nyingine hupokea kadi ya kawaida ya benki kwa masharti zaidi. Kiasi kinachozuiwa si malipo. Ni amana, na benki huiachia baada ya gari kurudi salama, wakati mwingine siku kadhaa baadaye. Hakikisha kadi ina nafasi ya kutosha, vinginevyo hutapewa funguo hata kama gari limeshalipiwa.

Bima imo kwenye bei. Mbona kaunta wananiuzia nyingine?

Kwa sababu iliyomo haikulindi kikamilifu. Bei ya kawaida ya kukodi gari Uingereza huwa na bima ya madhara unayomsababishia mtu mwingine, na punguzo la dhima yako gari likiharibika au likiibwa. Punguzo hilo linakuachia sehemu ya hasara uibebe mwenyewe, na mara nyingi huanzia pauni 1,000 na kupanda. Yaani ukichubua mlango kwenye ukuta wa mawe wa Derbyshire, gharama yote hadi kiwango hicho ni yako. Zaidi ya hapo, tairi, rimu, kioo cha mbele na sehemu ya chini ya gari mara nyingi haviko hata kwenye punguzo hilo, na hivyo ndivyo vinavyoharibika vijijini.

Kaunta watakuuzia ulinzi wa kuondoa hasara hiyo kwa bei ya kila siku, ghali. Unaweza kununua bima kama hiyo kutoka kampuni huru ya bima kwa bei ndogo zaidi, kwa siku moja au kwa mwaka mzima. Tofauti ni kwamba ukiwa na hiyo ya nje, jambo likitokea unalipa kwanza kampuni ya gari kutoka kwenye amana yako, kisha unadai ulipwe na bima yako. Amana nayo itabaki kubwa. Mimi hununua ya nje, ya mwaka, na huwaambia wageni wafanye hivyo kama kadi yao inahimili. Kama haihimili, lipa kaunta upumzike, ni siku moja.

Muuzaji wa kaunta atazungumza haraka na atakuonesha mahali pa kutia sahihi kwenye skrini. Muombe asome kila kipengele kabla hujasaini. Ni haki yako.

Nichague gari gani?

Dogo kadiri mnavyoweza kukaa bila kubanana. Watu hudhani kwa safari ya heshima linafaa gari kubwa. Barabara za vijiji vya huko ni nyembamba, zimezungushiwa kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, na lori la maziwa linapokuja mbele yako utashukuru kuwa na gari dogo. Mkiwa watano watu wazima, chukua la kati.

Sema wazi kama unataka otomatiki. Magari ya bei ya chini hapa bado mengi ni ya kuingiza gia kwa mkono, na mwenye leseni ya Uingereza aliyofanyia mtihani kwenye otomatiki haruhusiwi kuendesha la gia za mkono. Otomatiki huisha mapema wakati wa likizo za shule.

Gari la umeme linafaa kwa umbali huu. Ila kwa siku moja, ukiwa na wazee, sioni faida ya kuanza kujifunza programu za kuchajia.

Uliza pia kikomo cha maili. Baadhi ya bei za siku moja zina kikomo, na kila maili ya ziada hutozwa.

Watoto lazima wawe na viti?

Lazima, hadi mtoto afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Teksi zina msamaha. Gari la kukodi halina msamaha huo. Hakuna kumpakata mtoto, hata mtoto wa bibi yake. Kampuni hukodisha viti, lakini wakati mwingine bei ya kiti kwa siku inakaribia bei ya kununua kipya cha kuinulia mtoto. Beba chako kama unacho.

Nikague nini kabla ya kuondoka na gari?

Usikague ndani ya gereji yenye giza. Litoe hadi mahali penye mwanga, zima injini, shuka, na uanze kona ya mbele ya kulia. Piga video moja bila kukata, polepole, ukilizunguka gari lote. Kwenye kila tairi simama na upige picha ya rimu. Mikwaruzo ya ukingo wa barabara hukaa hapo, na hiyo ndiyo hudaiwa zaidi. Kioo cha mbele kipitishe kidole: tundu dogo la kokoto huonekana kama uchafu wa mdudu mpaka uliguse. Inama uone chini ya bampa la mbele. Fungua buti, uone kama kuna tairi ya akiba au kopo la dawa ya kuziba pancha tu, maana magari mengi mapya hayana tairi. Kisha piga picha ya dashibodi ikionesha maili na mafuta. Linganisha na karatasi waliyokupa. Kasoro yoyote isiyoandikwa, rudi ndani iandikwe. Kama mvua inanyesha na gari limelowa, lifute. Maji huficha mikwaruzo.

Dereva wa pili naye aandikwe kwenye mkataba kabla ya kuondoka. Asiyeandikwa hana bima.

Njia ipi, na nijihadhari na nini barabarani?

Kutoka kusini, panda M1 hadi njia ya kutokea namba 29, ingia Chesterfield, fuata A619 kuelekea Baslow, kisha B6012 itakuingiza ndani ya hifadhi ya jumba. Kutoka M1 hadi hapo ni maili kama 16. Kwenye ramani ya simu andika DE45 1PP.

Mwendo ni kwa maili. Kwenye M1 mwisho ni maili 70 kwa saa, kama kilomita 112. Barabara ya kawaida ya nje ya mji isiyo na kibao kingine ni 60. Penye taa za mtaani ni 30, na mitaa mingi sasa ni 20. Baadhi ya kamera hupima wastani wa mwendo wako kati ya nguzo na nguzo, kwa hiyo kupunguza mbele ya kamera na kukanyaga tena hakusaidii. Ukiona alama nyekundu ya X juu ya njia yako kwenye M1, ondoka njia hiyo mara moja. Simu usiishike mkononi hata kwenye foleni: faini ni pauni 200 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni.

Kwenye kipilefti, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki, kama nyumbani. Tofauti ni kwamba huku wanaifuata.

Ukishaingia kwenye hifadhi ya Chatsworth, punguza mwendo sana. Kondoo hawana uzio. Wanalala kwenye ukingo wa lami, mama upande mmoja na mwana upande wa pili, na mwana akiitwa hukimbia bila kuangalia. Kulungu wa Kizungu nao wapo, wenye pembe pana. Barabara inapanda kilima kidogo, inapinda, na ghafla unaliona jumba lote ng'ambo ya mto, mawe yake ya rangi ya asali na msitu nyuma yake. Usisimame katikati ya barabara kupiga picha. Kuna maegesho.

Tikiti ninunue lini?

Kabla ya kwenda, mtandaoni, ukichagua saa ya kuingia. Kuna tikiti ya jumba na bustani pamoja, ya bustani peke yake, na ya shamba la mifugo lenye uwanja wa watoto kuchezea. Hifadhi yenyewe ni bure kutembea. Jumba hufungwa kwa majuma kadhaa baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka hadi karibu na majira ya kuchipua, angalia tarehe. Ukichagua Desemba, jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo bustani ianze kwanza.

Chagua saa ya kuingia iliyo angalau saa moja na nusu baada ya muda unaotarajia kukabidhiwa gari. Kaunta huchelewesha.

Ndani tuangalie nini, maana ni kubwa?

Ukumbi wa picha, ambao kuta na dari yake mchoraji Louis Laguerre alizichora visa vya Julius Caesar, utauona tu, uko mlangoni. Kitu ambacho watu hukipita ni fidla kwenye chumba cha muziki cha juu. Chungulia kupitia mlango ulioachwa wazi nusu: nyuma yake kuna mlango mwingine, na fidla na upinde wake vinaning'inia. Watoto waambie wahesabu nyuzi. Halafu waambie kwamba hakuna fidla. Ni rangi tu juu ya ubao, kivuli na yote. Wanabisha kila mara.

Bustanini, tafuta chemchemi ya Emperor kwenye bwawa refu la kusini. Joseph Paxton, mkuu wa bustani wa Duke wa sita, aliijenga 1844 kwa matarajio kwamba Mfalme Nicholas wa Urusi angekuja. Hakuja. Maji yake hayasukumwi na pampu yoyote: Paxton alichimbisha ziwa la ekari 8 juu kilimani, watu wakifanya kazi hadi usiku kwa mwanga wa mienge, na uzito wa maji yakishuka kwenye bomba ndio unaoyarusha. Yaliwahi kupimwa futi 296, kama mita 90. Kwenye mteremko wa mashariki kuna ngazi 24 za maji za mwisho wa karne ya 17. Uliza kwanza kama zinatiririka, kwa sababu zimekuwa zikihitaji matengenezo makubwa.

Paxton huyo huyo ndiye aliyekuza humo, miaka ya 1830, mgomba mfupi uliotoka Mauritius. Aliupa jina la ukoo wa tajiri wake, na leo karibu kila ndizi mbivu inayouzwa kwenye maduka makubwa ya Ulaya ni ya kundi la Cavendish. Wageni kutoka Kagera na Moshi husikiliza hili kwa makini kuliko habari za maduke wote. Nyumba kubwa ya vioo aliyojenga Paxton kwa mimea ya joto ilikosa makaa ya mawe wakati wa vita vya kwanza, mimea ikafa kwa baridi, na Duke wa tisa, yule wa Waraka, akaibomoa mwaka 1920. Kuta za msingi bado zipo, na katikati yake kuna bustani ya kupotezana ambayo watoto hawataki kutoka.

Jumba lipe saa mbili, bustani saa mbili nyingine.

Chakula, sala, na wazee wasioweza kutembea sana?

Beba chakula chako. Migahawa ipo kwenye jengo la zamani la farasi, lakini pilau yako na chapati kwenye nyasi kando ya mto ni bora na ni rahisi, na nyama yake unaijua. Jiko la kuchomea nyama haliruhusiwi. Kwa sala, hifadhini kuna nafasi tele; kibla ni kusini-mashariki. Kwa wazee, piga simu mapema uulizie kiti cha magurudumu na lifti, kwa sababu njia ya wageni ndani ya jumba ina ngazi.

Tunaweza kuongeza Hardwick Hall siku hiyo hiyo? Iko njiani.

Iko njiani kweli, karibu na njia ile ile namba 29, na ni jumba zuri ajabu: Bess aliijenga miaka ya 1590 kwa madirisha makubwa kuliko kuta. Ilichukuliwa na serikali kufidia kodi ya mirathi baada ya Duke wa kumi kufariki 1950, kodi iliyofikia asilimia 80, na sasa ni ya National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba ya kale. Lakini usiongeze. Majumba mawili kwa siku moja ni vyumba vya dhahabu vinavyochanganyikana kichwani, na mama amechoka. Panga siku nyingine.

Nikipata faini nikiwa na gari la kukodi?

Barua huenda kwa kampuni kwanza. Wao hutoa jina lako kwa mamlaka na kukutoza ada ya kushughulikia, juu ya faini yenyewe. Mwendo kasi huanzia pauni 100 na pointi 3. Barua inaweza kufika wiki kadhaa baadaye, mgeni ameshaondoka, kwa hiyo anwani iliyo kwenye mkataba iwe ya mtu atakayeifungua.

Kurudisha gari: nifanyeje wasinitoze?

Jaza mafuta kwenye sheli iliyo karibu na tawi, ikiwezekana ya duka kubwa, kwani za pembeni mwa M1 ni ghali mno. Petroli ina bomba la kijani, dizeli jeusi. Soma kifuniko cha tangi kabla ya kuweka. Tunza risiti. Siku moja ni saa 24 tangu ulipochukua funguo, na ukichelewa wanaweza kukutoza siku ya pili.

Fika tawi likiwa wazi, ili mfanyakazi alikague gari mbele yako na akupe karatasi ya kulipokea. Ukiacha funguo kwenye kisanduku baada ya kufungwa, gari bado ni jukumu lako hadi asubuhi watakapolikagua, kwa hiyo piga video nyingine kamili, pamoja na dashibodi na mahali ulipoegesha. Usiifute hadi amana yote irudi kwenye kadi.